Mama Mulika, Fundi Aliyeshona Ndege

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kutoka kazini, Mama Mulika atavua koti lake la bluu, atalitundika kwenye msumari uleule wa siku zote, na kesho yake hatarudi kulivaa. Atakuwa ameitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na minne: miwili kwenye chumba cha viti, mingine yote kwenye umeme na elektroniki za ndege, na kumi na tisa ya mwisho akiwa mwalimu wa benchi. Wapo wafanyakazi humu ambao alipoanza kazi walikuwa hawajazaliwa. Wapo pia walioanza pamoja naye, ila hao siku hizi tunakutana nao hospitalini wakilalamikia magoti.

Mkuu wa karakana amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ni mtunza zana, na mtunza zana, alivyosema, ndiye mtu pekee ambaye kila fundi lazima apite mbele yake asubuhi na jioni. Nadhani sababu ya kweli ni kwamba nina mdomo. Basi mniwie radhi nikichomeka utani hapa na pale. Mwenyewe Mama Mulika alinionya nisije nikaandika kama tangazo la msiba. "Andika ukijua nitasoma," aliniambia. "Bado nipo."

Jina lake la kwenye cheti wanalijua watu wa ofisi ya utumishi. Sisi wengine tunalijua hili tu, na alilipata kwa neno lake mwenyewe. Hakuna fundi aliyewahi kupeleka mkono ndani ya ndege mbele yake bila kusikia, "Mulika!" Mulika kwanza, tazama, ndipo utie mkono. Neno hilo lilimtawala hata nje ya kazi. Mtu akisimama kantini akikwamisha foleni kwa kushindwa kuchagua kati ya maharage na samaki, ataambiwa amulike. Mume wake, ambaye ni seremala, anasema siku alipokwenda kumposa alijibiwa kwamba kwanza atamulikwa.

Kwa wageni mtakaokaa nasi siku ya sherehe, na kwa vijana wanaotuuliza kila mara mtu anaingiaje kwenye kazi hii ya kutibu redio, dira na taa za ndege, naomba nieleze kidogo. Milango ni mitatu. Wa kwanza ni chuo: unasoma elektroniki za ndege miaka mitatu, unatoka na stashahada, unakuja hapa kunyenyekea chini ya fundi mwenye leseni mpaka nawe uive. Wa pili ni jeshi: umetengeneza ndege zao, umemaliza mkataba, unakuja na nidhamu yako na viatu vinavyong'aa. Wa tatu ni benchi. Huu ni mlango wa ndani, kwa mtu ambaye tayari yumo karakanani akifanya kazi nyingine, akaonekana ana mkono na ana jicho. Anafundishwa hapahapa, mezani, kisha ndegeni, huku akisoma masomo yaleyale ya wenzake. Milango yote mitatu inatokea ukumbi mmoja, yaani mitihani ya Mamlaka ya usafiri wa anga, na mtihani haumuulizi mtu aliingilia wapi.

Mama Mulika aliingilia kwenye chumba cha viti.

Alikuwa mshonaji. Kazi yake ilikuwa kufumua vitambaa vya viti vilivyochakaa na kushona vipya, yeye na cherehani yake, katika chumba chenye dirisha moja na harufu ya gundi. Anatumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa mikasi ya karakana yote ilikuwa ya mkono wa kulia, alijinunulia wake. Mkasi huo bado upo. Hakuna mtu mwingine humu anayeweza kuutumia bila kutukana.

Siku moja fundi mkuu wa redio wa enzi hizo, ambaye sote tulimwita Mzee wa Redio na yeye Mama Mulika akimwita Baba, alikwenda chumba cha viti kuomba kipande cha kitambaa cha kufutia mikono. Akamkuta anashona pindo. Hakuondoka. Nyaya za ndege, ili zisichezecheze, hukusanywa mafungu mafungu na kufungwa kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo, mwendo wa mita nyingi, na wakati huo vijana wa Mzee wa Redio walikuwa wakifunga mafundo yanayofanana na nywele za mtu aliyeamshwa na moto. Mzee alitazama lile pindo, akatazama vidole vilivyolishona, akauliza kama mwenye vidole anaogopa umeme. Akajibiwa kwamba anaogopa njaa zaidi. Kesho yake cherehani ilipata mtu mwingine.

Wiki yake ya kwanza kwenye nyaya aliifanyia kazi ile ndege tunayoiita Shangazi, kwa sababu haipiti wiki bila kulalamika. Leo Shangazi ni kikongwe, lakini siku hizo ndiyo kwanza ilikuwa imenunuliwa na inafungwa nyaya za redio mpya. Mshonaji wetu alifunga mafungu yake kwa fahari, yamenyooka, mafundo yote yamelalia upande wa kushoto kama mkono wake. Mzee wa Redio akaja, akapitisha ukucha chini ya uzi. Kisha akatoa mkasi mdogo mfukoni, akaanza kukata.

Kosa lake lilikuwa kosa ambalo mshonaji peke yake ndiye angeweza kulifanya. Fundi wa nguo hukaza. Akilegeza uzi, mshono unamfumukia mteja mbele za watu. Lakini waya una ganda laini, na uzi uliokazwa mno huliuma lile ganda polepole, kila ndege inapotetemeka, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja shaba inachungulia nje. Mzee alimwambia uzi wa waya unatakiwa ushike kama mama anavyoshika mkono wa mtoto sokoni: asipotee, wala asilie. Akakata kila fundo alilolifikia. Mama Mulika alilia kidogo, akafunga upya yote, na tangu siku hiyo mafundo yake yamekuwa mafundo ya kuonyeshea wageni.

Mitihani sasa. Masomo yalikuwa mengi na yote hakuwa ameyaona tangu aache shule: hesabu, fizikia, umeme, vifaa vya rubani, sheria za anga. Alikuwa na watoto wawili na jiko moja. Jioni alisimama akikoroga sufuria huku mume wake ameketi mlangoni na kitabu, akimuuliza maswali kama mwalimu mkali. Seremala wa watu hakuelewa neno lakini alikariri. Alikuja kukariri sana hivi kwamba kwenye arusi ya shemeji yake alimweleza bwana mmoja, kwa kirefu, kwa nini gurudumu linalozunguka kwa kasi ndani ya kifaa cha rubani hukataa kulala hata ndege ikilala. Yule bwana aliondoka akiamini amezungumza na rubani.

Mtoto wake wa mwisho naye, siku walipoulizwa darasani wazazi wao wanafanya kazi gani, alijibu kwamba mama yake anashona ndege. Mwalimu akamwita mzazi kuja kuzungumzia tabia ya mtoto ya kusema uongo. Mama Mulika alikwenda, akaketi, akasikiliza, akasema mtoto hajadanganya hata nukta. Alieleza mpaka kengele ikalia. Mwaka uliofuata shule nzima ililetwa karakanani kutembea, na mimi nikahesabu zana zangu mara tatu walipoondoka.

Leseni aliipata. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa karakana hii kuipata, na wa kwanza wa jinsia yoyote kuipata akitokea chumba cha viti. Siku hiyo Mzee wa Redio alimpa mkono, akamwambia sasa ana haki ya kutia sahihi, na kwamba sahihi ni kitu kinachomfuata mtu mpaka nyumbani. Mzee alistaafu mwaka uleule, na miaka michache baadaye akatutangulia. Picha yake iko chumba cha benchi, juu ya swichi ya taa.

Siwezi kuacha kisa cha bisibisi, kwa sababu kinanihusu na kwa sababu mhusika amenikataza nisikiandike. Kwenye ukuta wa stoo yangu kuna ubao, na kila zana ina kivuli chake kilichopakwa rangi. Jioni zana ikirudi, inafunika kivuli. Kivuli kikibaki wazi, ina maana kuna kitu kimesahaulika ndani ya ndege, na hapo hakuna ndege inayoruka wala mtu anayekwenda nyumbani. Vyote vikifunikwa ndipo nasimama mlangoni na kutamka maneno ambayo mafundi wanayangoja kuliko mshahara: "Zana zote zipo. Mnaweza kwenda."

Basi jioni moja bisibisi ndogo haikurudi. Ndege ilikuwa tayari, abiria wako kwenye viti, rubani anatazama saa. Mama Mulika akaamuru abiria washushwe. Tulifungua sakafu, tulifungua dari, tulimulika kila mahali. Rubani alinuna, meneja wa safari alipiga simu tatu, na Mama Mulika akasema hata akija mwenye kampuni na mama yake, ndege haiendi. Ni mfagiaji aliyemuuliza kwa heshima zote kama ile iliyochomekwa kwenye nywele zake ilikuwa pambo. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Mama Mulika siku ile zilikuwa na bisibisi.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye alicheka kuliko sote, kisha akaenda kuandika taarifa ya kuchelewesha ndege, na mahali pa chanzo akaandika neno moja: Mimi. Meneja alimwambia angeweza kuandika tu kwamba zana ilichelewa kupatikana. Alikataa. Hiyo ndiyo tabia yake, nasi tunaomjua tunajua ilivyo ngumu kuishi nayo. Mwanafunzi akisema waya umechoka, anaulizwa palepale, "Waya hauchoki, huchoshwa. Nani kauchosha?" Wengi walitamani afadhali wapigwe.

Miaka kumi na tisa iliyopita, alipoona mlango wa benchi unaanza kuota kutu kwa kukosa mtu wa kuusukuma, aliomba kuwa mwalimu wake. Mume wake alitengeneza meza kwa mbao za masanduku ya vipuri, ndefu, imara, na juu yake Mama Mulika akapanga redio mbovu, dira zilizokufa na nyaya za kila rangi, akazifanya ndege isiyokuwa na mabawa. Kila mwanafunzi, awe wa chuo, wa jeshi au wa jikoni, alianza kwa sindano na uzi. Mwezi mzima ni kufunga na kukata. Wa chuo walinung'unika kwamba hawakusomea ushonaji. Aliwaacha wanung'unike huku wakifunga.

Miongoni mwao alikuwa kijana tunayemwita Msomi, na jina hilo halina kejeli, maana hesabu za ule ulimwengu mpya wa sifuri na moja, ambao ndio unaoendesha vifaa vya ndege za leo, alikuwa nazo kichwani kama mtu alivyo na jina lake. Mama Mulika alikuwa wa kwanza kukaa mbele yake na kumwambia amfundishe. Nilimwona kwa macho yangu, mwalimu amekaa kwenye kigoda cha mwanafunzi, anainua mkono kuuliza.

Na alikuwapo Dada wa Kantini.

Dada alikuwa anaosha vyombo. Saa nne alileta chai chumba cha benchi, na siku zote alichelewa kurudi na trei. Siku moja aliuliza, bila kuulizwa, mbona mafundo ya mwalimu yanalalia huku na ya wengine wote yanalalia kule. Mama Mulika amekaa na mafundi waliosoma, na wakaguzi, na mainjinia, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kuliona hilo. Akamwambia, "Weka hiyo trei chini, mwanangu." Mkuu wa kantini alinilalamikia mimi, sijui kwa nini, kwamba karakana imemwibia mtu.

Hiyo ni miaka kumi na miwili sasa. Dada alipanda ngazi moja moja: chumba cha betri, benchi, ndegeni chini ya sahihi ya mwingine. Masomo yote aliyamaliza isipokuwa moja, hilohilo la sifuri na moja. Alianguka mara ya kwanza. Akaanguka mara ya pili. Kanuni inasema ukianguka mara ya tatu unakaa nje mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kujaribu tena.

Hapo ndipo furaha yetu ya kumuaga Mama Mulika ilipoingia kokoto. Mwanzoni mwa mwaka huu, katika kikao cha Jumatatu, mkuu alitueleza kwa upole kwamba Mamlaka hairuhusu darasa lisilo na mwalimu mwenye leseni. Mama Mulika akistaafu pasipo mtu wa kushika nafasi yake, benchi linafungwa, na chumba kitageuzwa stoo ya matairi. Mafundi wenye leseni tunao, lakini wote wako kwenye zamu za ndege na hawawezi kuachiwa. Na kusema kweli hakuna aliyeinua mkono, kwa sababu benchi halina posho ya safari. Msomi angeweza, ila alikuwa ameshapangiwa kituo kingine. Aliyetaka alikuwa mmoja tu, na huyo alibakiwa na mtihani mmoja na nafasi moja.

Mama Mulika alipotoka kikaoni alikuja stoo, akasimama mbele ya ubao wangu akiutazama kama hajawahi kuuona. Aliniambia hajali kuondoka, mwili wake umeshaomba ruhusa kitambo. Kinachomkera ni kuondoka halafu mlango alioingilia yeye ufungwe nyuma yake. Alisema yuko mshonaji mwingine chumba cha viti sasa hivi, na hakuna atakayekwenda kumwomba kitambaa.

Basi miezi ile Msomi na Dada walikaa pamoja kila mchana kwenye meza ya mwisho kantini. Msomi anamfundisha Dada namba, Dada anamsahihisha mafundo, maana Msomi mpaka leo hufunga kama anayefunga kuni. Alipoona namba hazimwingii Dada kwa maandishi, alimwambia azifikirie kama sahani: ipo kwenye rafu au haipo, hakuna nusu sahani. Dada akaanza kupanga vikombe na visosa mezani, vingine vimefunikwa na vingine viko wazi. Mkuu wa kantini alipiga kelele kwamba vyombo vinaisha. Mtihani ulipokuja, Dada alifaulu, wala si kwa kubahatisha.

Likabaki jaribio la ualimu. Mkaguzi wa Mamlaka anakuja, mtahiniwa anapewa ndege yenye ugonjwa wa kweli, anautafuta, anaeleza chanzo chake kama anayefundisha. Mwalimu wake anaruhusiwa kuwapo, lakini mdomo aufunge. Mkaguzi aliyeletwa alikuwa bwana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi hadi ndani ya mfuko. Tulipomkaribisha chai alisema atakunywa maji ya moto, na hapo tukajua siku itakuwa ndefu.

Ndege iliyokuwa mgonjwa siku hiyo, mtakuwa mmeshabuni, ni Shangazi. Redio ziko mbili, na ya pili ilikuwa imeanza kukohoa ndege inapopanda. Msomi, ambaye alikuwa hajahama bado, alikaa kiti cha rubani amevaa vipokea sauti, naye Dada akaanza kufuata nyaya kutoka mbele kwenda nyuma, akizitikisa taratibu kwa kijiti cha mbao. Kila baada ya muda tulisikia sauti ya Msomi: bado, bado, bado. Mama Mulika alikuwa kwenye kigoda, mikono ameikalia. Sijawahi kumwona akikalia mikono.

Nyuma kabisa, kwenye kona iliyo nyuma ya ukuta wa choo, ambako hata fundi mwembamba huingia kwa kuomba, Msomi alipaza sauti: "Hapo! Imekatika! Hapo hapo!" Dada akafungua kifuniko. Akamulika. Alikawia humo mpaka Msomi akauliza kama kuna mtu amekufa huko nyuma.

Dada alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Alimwambia mkaguzi kwamba ganda la waya limelika, shaba iko nje, na ndege ikitetemeka shaba inagusa fremu. Mkaguzi akauliza chanzo. Dada akatazama sakafu. Ndege ina zaidi ya miaka thelathini. Angesema waya ni mzee, na hakuna ambaye angemlaumu; hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na sanduku la zana nilikuwa nimeshaanza kumsemea moyoni.

"Waya haukuchoka," alisema. "Uzi umekazwa kupita kiasi." Mkaguzi akamuuliza anajuaje kwamba si uzi uliojikaza kwa joto na miaka. Akajibu kwamba mafundo ya jirani yamefungwa na mtu huyohuyo baadaye, na hayajauma. Hili limeachwa lilivyofungwa mara ya kwanza. Mkaguzi akauliza kama anamjua aliyefunga. Dada alivuta pumzi. Alisema fundo limelalia kushoto, na karakana hii imewahi kuwa na mashoto mmoja tu. "Ni mwalimu wangu."

Mama Mulika aliinuka, akamwomba mkaguzi ruhusa, akaingia ile kona kwa taabu, magoti yakilalamika, na tochi yake. Alikaa humo muda. Tuliposikia sauti tulidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka, vyote kwa pamoja. "Baba hakulifikia hili," alisema. "Wiki yangu ya kwanza! Miaka yote hii limenisubiri."

Alitoka na vumbi kichwani. Akachomoa mfukoni mkasi wake wa kushoto, akaugeuza, akampa Dada upande wa kushikia. "Kata, mwanangu."

Dada alikata. Tuseme ukweli, alitafuna, kwa sababu mkasi ule mkononi mwa mtu wa kulia haukati, unasaga. Lakini fundo lilitoka. Alibadilisha kipande cha waya, akafunga fungu upya, akapitisha ukucha chini ya uzi. Mama Mulika naye akapitisha wake. Akatikisa kichwa kukubali. Msomi akapaza sauti kutoka mbele kwamba redio inaimba. Mkaguzi alitia sahihi palepale, akakunja karatasi zake, akauliza kama ile chai bado ipo.

Kwa hiyo benchi halifungwi, na matairi yatafute pengine pa kulala. Jumatatu baada ya sherehe Dada ataanza na darasa lake la kwanza: wawili kutoka chuoni, mmoja kutoka jeshini, na mmoja kutoka chumba cha viti. Yule mshonaji alikuja kwangu juzi kuulizia sindano nene. Kipande cha uzi kilichokatwa kimetundikwa kwenye ukuta wa benchi, chini ya picha ya Mzee wa Redio. Ni Mama Mulika mwenyewe aliyekitundika, na akaagiza kila anayeingia aambiwe kilitoka mkono wa nani.

Kuhusu mambo yajayo, seremala ameshamtengenezea chumba chenye madirisha matatu, na wafanyakazi tumechanga tukamnunulia cherehani mpya, ambayo nilikatazwa kuitaja kabla ya sherehe na sasa nimeitaja. Anasema atashona mapazia na nguo za wajukuu, na kwamba atafurahi kukaza uzi anavyotaka bila kuulizwa na mtu. Bintiye, ambaye ni muuguzi, ameomba asishone ngozi za wagonjwa. Hajapata jibu.

Sisi tunaobaki tunamshukuru kwa ndege zote zilizotua salama bila abiria kujua kwamba kuna mtu alizimulika. Tunamshukuru kwa ukali wake, ambao kwa miaka mingi tuliudhani hasira na kumbe ulikuwa upendo uliovaa koti la bluu. Nasema wazi kwamba nitamkosa, mimi binafsi, kila asubuhi atakapokuwa hajapita dirishani kwangu kunisalimia kwa kuukagua ubao.

Mkasi ameuacha. Aliniletea wiki iliyopita, akasema si wake tena, ni wa karakana, niuandikishe kama zana nyingine. Nilimkumbusha kwamba humu hakuna atakayeweza kuutumia. Akajibu kwamba kuna siku ataingia mashoto mwingine. Basi nimeupakia kivuli chake ubaoni, safu ya juu, upande wa kushoto, na kila jioni nitahakikisha kimefunikwa kabla sijafunga mlango.

Mama Mulika, tunakutakia afya, usingizi mtamu na uzi usiokatika. Nimeshatazama ubao mara mbili. Zana zote zipo, Mama. Unaweza kwenda nyumbani.